Subiri Uive

Mama yangu alikuwa maarufu kwa siku sita. Kama mwaka jana wakati wa likizo ndefu ulikuwa na bando, huenda ulimwona: mwanamke amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, kanga kichwani, anapanga makaa juu ya mfuniko wa sufuria, na bila hata kuinua macho anamwambia mtu, "Wewe unakopa mpaka mkate haujaiva? Subiri basi hata uive, ndo uukope." Sekunde 14, video imeisha.

Aliyeirekodi ni mimi, na aliyeirusha ni mimi. Kwa kuwa nimeshaulizwa mara nyingi sana hapa chuoni, kuanzia kafteria mpaka kwenye foleni ya kusaini bumu, "Kaka, si mlipiga hela ndefu?", nimeona niandike mara moja, na hesabu zote nizitoe. Najua wengi wenu humu hosteli mnauza kitu. Kuna anayeuza ubuyu, kuna wa mtumba, kuna wa mafuta ya nywele, kuna anayesuka. Na najua kila mmoja wenu usiku akishazima taa anawaza video moja tu itakayomtoa. Mimi ile video niliipata. Sikilizeni ilivyokuwa.

Mama anapika mikate ya kumimina. Amejifunzia Tanga kwa bibi, na sasa anapikia nyumbani kwetu Mbagala. Kwa asiyejua: mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui la nazi, unatiwa sukari, iliki na hamira, unaachwa uumuke. Halafu unamiminwa kwenye sufuria yenye mafuta, moto kidogo chini, makaa juu ya mfuniko. Mkate huu haupendi haraka hata kidogo. Mama ana sufuria mbili na majiko mawili, na akiamka alfajiri anatoa mikate 12 kwa siku. Kila mmoja 5,000. Wateja wake ni wa mtaani, pamoja na mama mmoja mwenye mgahawa anayechukua minne kila siku. Biashara hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha sita, na ndiyo inayojazia pale mkopo wangu unapoishia.

Likizo ile nilikuwa napungukiwa kama laki na themanini kabla ya kufungua mwaka wa tatu. Nikasema ngoja, mimi msomi bwana, nitaikuza biashara ya Mama mtandaoni. Nilikuwa nimeshasoma mambo ya masoko ya kusambaa, yale ambayo wataalamu wanayafananisha na virusi: humlipi mtu kutangaza, watu wenyewe wanapelekeana. Mimi somo langu la kufundishia ni Hisabati, kwa hiyo nilichoona mimi ni namba tu. Mtu mmoja akiwatumia watatu, na kila mmoja wao akawatumia watatu wengine, unapata 3, 9, 27, 81. Ukifika hatua ya kumi ni watu 59,049. Lakini kama watu 100 wanaleta 80 tu, hao 80 wataleta 64, nao 64 wataleta kama 51, na habari inakufa yenyewe. Kila kitu kinategemea kama kila mtu anamleta zaidi ya mtu mmoja. Nikajiambia kazi yangu ni ndogo: kupata kitu ambacho mtu akikiona hawezi kukaa nacho peke yake.

Kilipatikana Alhamisi. Nilikuwa namrekodi Mama anavyopanga makaa, akapita jirani yetu. Huyu nitamwita Jirani tu, kwa sababu jina lake limeshatumika vya kutosha. Jirani anauza nazi na mboga kwenye genge lililo pembeni ya nyumba yetu, na yeye na Mama wamejuana tangu sijaanza la kwanza. Akasema, "Niwekee miwili, nitakulipa." Mama ndipo akamjibu lile jibu. Nikacheka mpaka simu ikatikisika.

Usiku nikaikata video vizuri, nikaandika namba ya simu chini na maneno "Mikate ya kumimina, Mbagala, tunaleta ulipo", nikairusha. Kwa kawaida video zangu zinatazamwa na watu 300, wakizidi sana 400, na nusu yao ni wana wa hosteli. Ijumaa asubuhi ilikuwa imefika 20,000. Jumamosi ukurasa mmoja mkubwa wa vichekesho ukaichukua, ukaikata chini ili ikae vizuri kwenye kioo, na ile namba ya simu ikaondoka na hicho kipande kilichokatwa. Kufikia Jumamosi usiku "Subiri uive" ilikuwa kwenye stetasi za watu nisiowajua kabisa. Watu wakawa wanaigiza. Kijana mmoja alimwambia hivyo mchumba wake aliyekuwa anaulizia mahari. Mwingine akaiweka kwenye picha ya matokeo ya mtihani.

Kosa la kwanza nililiona hapo hapo, nalo ni la kibiashara tu. Kilichosafiri kilikuwa kicheko, mkate wenyewe ulibaki nyumbani. Linganisha na Hotmail. Ilipoanza Marekani mwaka 1996, kila barua pepe iliyotumwa na mteja ilikuwa na mstari mdogo chini unaomwambia mpokeaji kwamba na yeye anaweza kupata anwani yake bure. Tangazo lilikuwa ndani ya barua yenyewe, huwezi kutuma moja ukaacha jingine. Wakapata watumiaji mamilioni kwa muda mfupi, na mwishoni mwa 1997 Microsoft wakainunua. Mimi tangazo langu nililibandika pembeni, na mtu mmoja mwenye mkasi akaliondoa kwa sekunde mbili. Watu laki kadhaa wakamjua Mama, na wengi wao hawakujua hata anachopika ni nini. Kuna aliyeandika, "Huyo mama wa maharage ananivunja mbavu."

Hata hivyo oda zilikuja. Kati ya Ijumaa na Jumatatu inboksi yangu ilipata ujumbe zaidi ya 300. Wengi walitaka tu kucheka na mimi, lakini watu 61 walilipa kabisa, mkate mmoja mmoja, na mimi kwa ujanja wangu nilikuwa nimesema lipa kwanza. Shilingi 305,000 kwenye simu yangu. Sijawahi kuona muamala ukiingia juu ya muamala namna ile. Nikamwonesha Mama. Akaitazama simu, akatazama majiko yake mawili, akaniuliza, "Mwanangu, hii mikate anapika nani?"

Sikuwa na jibu. Mikate 61 kwa kasi ya 12 kwa siku ni zaidi ya siku tano, na hapo mama wa mgahawa na wateja wa mtaa hujawapa hata kipande. Hata wakubwa yamewakuta haya. Machi 2012 Marekani, kampuni ya Dollar Shave Club inayouza nyembe ilirusha video ya vichekesho iliyotengenezwa kwa dola 4,500 hivi. Watu walivyojaa, tovuti yao ikazimika siku hiyo hiyo, na ndani ya siku mbili walikuwa na oda 12,000. Tofauti ni kwamba wembe unakaa stoo hata mwezi. Unga wa mchele uliokwisha kuumuka ukiuacha unachacha.

Tukaazima majiko mawili mengine. Tukaongeza moto. Matokeo yake mnayajua wenyewe, hasa mliowahi kupika ugali wa haraka hosteli: juu umeungua, ndani mbichi. Pikipiki kutoka Mbagala mpaka Sinza au Mwenge inakaribia bei ya mkate wenyewe, kwa hiyo nikawa najazia nauli ili wateja wasinuna. Na wateja wa mtandaoni hawasahau. Mmoja alipiga picha ya mkate wetu ukiwa umechuruzika katikati, akaandika, "Mama, nimesubiri uive, mbona wewe hukusubiri?" Ile nayo ikasambaa, ila yangu haikukatwa namba ya simu.

Niliwarudishia watu 19 hela zao. Hesabu ni hii. Iliyoingia 305,000. Niliyorudisha 95,000. Ikabaki 210,000. Vitu vya kupikia mikate 61, kwa 2,500 kila mmoja, 152,500. Ikabaki 57,500. Nauli nilizojazia 38,000. Ikabaki 19,500. Bando la wiki hiyo 10,000. Faida ya kuwa maarufu kwa siku sita: shilingi 9,500. Mama wa mgahawa, aliyekosa mikate yake siku nne mfululizo, alipata mpishi mwingine.

Ingekuwa hayo tu, ningeandika makala ya ujasiriamali, nikaweka vidokezo vitano, nikaenda zangu. Lakini kulikuwa na mtu wa pili kwenye ile video.

Jirani alionekana uso kwa sekunde tatu. Zilitosha. Jumamosi mchana alipopita kijiwe cha boda, vijana wakamwimbia, "Mama, subiri uive!" Jumapili watoto wa mtaa walikuwa wanamwita Mama Mkopo. Mwanawe wa darasa la sita alirudi nyumbani na shati limechanika, amepigana. Na hilo si kubwa. Jirani alikuwa mweka hazina wa kikoba cha kina mama wa mtaa wetu, wanachama 18, na sanduku lilikuwa linakaa kwake. Jumatatu kwenye kikao kuna mtu akauliza, tena kwa upole kabisa, kama ni sawa mtu anayekopa mkate kukaa na hela za wenzake. Sanduku likahamishwa siku hiyo hiyo.

Mama aliniambia niifute video tangu Jumapili jioni. Hapa ndipo pagumu kwangu kuandika. Nilimjibu, "Subiri kidogo Mama, oda bado zinaingia." Nilimwambia mama yangu asubiri. Jumatatu aliporudi kutoka kikaoni hakunisemesha. Alipika tu. Jumanne nikajiambia sasa hata nikiifuta haisaidii, imeshasambaa. Jumatano usiku ndipo nilipoifuta, na kwa kweli nilifuta wakati oda zimekwisha. Sitaki mtu adhani nilikuwa na uchungu wa dhamira mapema. Na ilikuwa kweli haikusaidia sana, maana nakala zilikuwa kila mahali. Nilipouandikia ule ukurasa mkubwa kuomba waiondoe, walinijibu kwa vikatuni vitatu vinavyocheka.

Lakini bado sijasema kitu ambacho Mama hakukijua na ninyi hamkukijua.

Video yenyewe haikuwa ya sekunde 14. Ilikuwa ya sekunde 31. Baada ya Mama kusema lile neno, Jirani alishika kiuno akamjibu, "Na hizo nazi ulizopikia umeshalipa?" Halafu wote wawili wakacheka, Mama mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Maana ndivyo wanavyoishi. Mama anachukua nazi kwa mkopo asubuhi, Jirani anachukua mkate kwa mkopo jioni, mwisho wa wiki wanakaa kwenye kibaraza wanahesabu nani anamdai nani, na mara nyingi inakuwa ngoma droo. Tui lililokuwa ndani ya mkate ule lilikuwa la Jirani, na lilikuwa halijalipwa.

Mimi ndiye niliyekata kile kipande. Nilikata kwa sababu video ilikuwa inaishia vizuri kwenye neno la Mama. Jibu la Jirani lilikuwa linapunguza makali. Ningeliacha, ingekuwa video ya marafiki wawili wanataniana, nzuri ya kutazama, na nadhani isingefika hata elfu mbili. Nilipoliondoa, ikawa video ya mtu anayedaiwa anaaibishwa. Watu wakapelekeana aibu ile. Hesabu yangu ya 3, 9, 27 ilikuwa sahihi kabisa, ila sikuwa nimejiuliza kila hatua inabeba nini.

Alhamisi nilikwenda gengeni. Nilichukua mkate, halafu nikaurudisha ndani, nikaona nitaonekana nakwenda kumhonga. Jirani alikuwa anakuna nazi. Nikamsalimia, "Shikamoo Mama." Akaitikia marahaba bila kuacha kukuna. Nikaomba msamaha. Nikamwambia nina video nzima, nitairusha na jibu lake, watu waone ukweli, tena itasambaa kuliko ile ya kwanza.

Akaacha kukuna. Akasema, "Mwanangu, wewe hukuniuliza. Ungeniuliza hata siku ile, ningekwambia rusha, tena ningejifunga kilemba kizuri. Sasa unataka kunirusha tena ili watu wanionee huruma? Usirushe kitu chenye mimi. Hao wa mtandaoni siwajui. Kama una lako la kusema, kawaambie wenzangu wa kikoba."

Jumatatu iliyofuata nikaenda kikaoni. Kijana pekee katikati ya kina mama. Nikapitisha simu mkono kwa mkono, sekunde zote 31. Walipofika kwenye nazi wakacheka, mmoja akampiga Mama kofi la bega, "Kumbe mdaiwa ni wewe!" Nikasema mbele yao kwamba nilikata mimi, kwa ajili ya hela, na hela yenyewe ni 9,500. Deni la Jirani la ile mikate miwili lilikuwa 10,000.

Sanduku halikurudi siku hiyo. Walisema mzunguko umeshaanza na mweka hazina mpya, wataangalia mzunguko ujao. Jirani na Mama wanasalimiana, wanauziana nazi, lakini sasa wanalipana papo hapo, taslimu. Mtu asiyejua ataona ni maendeleo. Mimi nikiona Mama anahesabu sarafu za nazi asubuhi, natamani niende kulala.

Sisemi msitangaze biashara zenu. Tangazeni. Mtanzania mwenzetu Kili Paul na dada yake Neema walifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi mbele ya simu wakiwa na mavazi yao ya Kimasai, wakajulikana mpaka Waziri Mkuu wa India akawataja redioni Februari 2022. Lakini waliosimama mbele ya kamera walikuwa wao wenyewe, kwa hiari yao. Kabla hujabonyeza kurusha, jiulize mambo matatu. La kwanza: kipande hiki kikikatwa na kupelekwa mbali, bidhaa yangu itakuwa bado imo ndani? La pili: watu wote hawa wakija kesho asubuhi, nina majiko mangapi? La tatu: kila uso unaoonekana humu umekubali, na umekubali kionekane hivi nilivyokikata? Najua tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vizuri kuisoma. Lakini Jirani hakunitajia sheria yoyote. Alisema sikumuuliza, basi.

Baada ya pale nilikwenda mazoezi ya kufundisha. Shule ya kata, kidato cha kwanza, wanafunzi 74 darasani, wiki za mwanzo ambazo bado tunachanganya na Kiswahili. Nikauliza namba tasa ni namba gani. Binti mmoja wa nyuma, viatu vimeachana soli, akasimama akasema, "Mwalimu, ni namba ambayo haitaki kugawana na mtu, inajijua yenyewe na moja tu." Darasa likaangua kicheko. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mfukoni kwenye simu, nisiwadanganye. Niliiona kabisa inavyotrendi: sura yake, kicheko cha darasa, maneno yangu mazuri chini. Niliona hata pa kukata.

Nikatoa mkono mfukoni, nikachukua chaki, nikayaandika maneno yake ubaoni kama alivyoyasema, nikawaambia wanakili kwenye madaftari. Yule binti akakaa, akafungua daftari, na yeye akanakili maneno yake mwenyewe.

Makala hii nimemsomea Jirani yote kabla ya kuileta kwa mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeandika kwamba nazi zilikuwa hazijalipwa. Nikamwambia nimeandika. Akasema, "Haya, hiyo usiikate."